Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Ziwa Duluti

Tengeru, Arumeru,
Mkoa wa Arusha.

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia maji, msitu, ardhi, utalii na afya ya mazingira, wilayani na mkoani.

YAH: HALI YA ZIWA DULUTI, MSITU WAKE NA NJIA YA WAGENI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na poleni na majukumu.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika hadharani kwa sababu njia za kawaida nimezimaliza. Nilianzia pale mwananchi anapotakiwa kuanzia, kwa mwenyekiti na mtendaji, kisha nikapanda ngazi. Nimesimama kwenye mkutano wa hadhara nikasema. Nimepeleka barua zikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikarudishiwa nakala yangu, na kila nilipofuatilia nimeambiwa suala linafanyiwa kazi. Maafisa waliozungumza nami siwataji, na simwombei yeyote mabaya. Wengi walinipokea kwa heshima na kunisikiliza. Lakini masika imekuja na kupita, ziwa liko vilevile, na mahali pengine ni baya zaidi. Ndiyo maana nimeona niliseme mbele ya watu wote, nanyi mnijibu mbele ya watu wote.

Kwa ndugu msomaji usiyelijua Duluti: ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Moshi, kama kilomita 14 hivi, unashuka Tengeru. Ukiingia upande wa kusini wa barabara, kwa bodaboda ni mwendo mfupi tu, unapita migomba na mashamba ya kahawa, kisha ghafla ardhi inazama mbele yako na chini unaona maji. Hilo ni kreta, yaani shimo la volkano, mtoto wa Mlima Meru, lililojaa maji. Ziwa lenyewe lina ukubwa wa hekta zipatazo 63, liko karibu mita 1,290 juu ya usawa wa bahari, na limezungukwa na msitu wa asili wa takriban hekta 19. Asubuhi isiyo na mawingu unauona Meru upande mmoja na Kilimanjaro kwa mbali upande mwingine. Furukombe wanalia juu ya miti, mnandi wanaanika mabawa kwenye magogo, kenge wanaota jua ukingoni, kima wanarukaruka mikuyuni. Na yote hayo yako jirani na stendi ya daladala na soko kubwa la Tengeru.

Maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi wala magadi. Watu wa mbali hawajui uzito wa jambo hili. Sisi tunaoishi chini ya Meru tunajua, kwa sababu mlima huu unatoa maji yenye floridi nyingi, ile inayobadilisha meno ya watoto wetu rangi. Maziwa ya Momela, upande wa pili ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yana magadi. Heroe wanayapenda, ila huwezi kuvua perege humo. Duluti ni jambo la pekee katika ukanda huu, ziwa dogo lenye perege na kambale, lenye msitu wake, ambalo mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kulifikia kwa miguu.

Nalipenda ziwa hili na sioni haya kulisema. Haya ndiyo ninayolalamikia.

1. Ziwa halina mlango wa kutokea, nanyi mnalisimamia kana kwamba ni mto

Naomba hoja hii isomwe polepole, maana nyingine zote zinaiegemea.

Duluti halina mto unaoingia wala unaotoka juu ya ardhi. Linalishwa na maji ya chini ya ardhi na mvua, nalo linapoteza maji kwa kukauka na kwa kunyonywa na ardhi. Ni kama beseni: kinachotumbukia hubaki. Mto ukiuchafua leo, mvua ya wiki ijayo itausukuma uchafu kwa jirani, jambo ambalo nalo ni baya. Ziwa la namna hii halina jirani wa kumsukumia. Mbolea inayoteremka na mvua kutoka shambani inabaki humo. Dawa ya nyanya inabaki humo. Mrututu unaopuliziwa kwenye kahawa na mboga una shaba ndani yake, na shaba haiozi. Inatua kwenye tope la chini na kungoja hapo.

Na ziwa si kubwa. Vipimo vilivyofanywa na watafiti vinaonyesha kina chake cha juu kabisa ni kama mita 9. Maji kidogo namna hiyo, yaliyofungiwa ndani ya kuta za kreta zinazozuia upepo, hayana nguvu ya kujisafisha. Mbolea ikiingia inawalisha mwani. Mwani ukistawi maji yanageuka kijani, na usiku, wakati hakuna jua, mwani huohuo unavuta hewa ya oksijeni iliyo majini. Ukifa unazama, unaoza, na kuoza nako kunakula oksijeni. Chini panabaki maji mazito yasiyo na hewa. Ukija msimu wa baridi, maji ya juu yakapoa na upepo ukayachanganya na ya chini, samaki wanaweza kukosa hewa kwa pamoja. Hivyo ndivyo maziwa madogo ya kreta yanavyoharibika popote duniani, na mnao wataalamu wanaolijua hilo kuliko mimi.

Sheria tunayo tayari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mwambao, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sasa naomba tupige hesabu pamoja. Mzunguko wa ziwa ni kilomita 3 hivi. Ukizitandaza hekta 19 za msitu sawasawa kuuzunguka mwambao wote, unapata ukanda wa mita 60 na ushei. Maana yake ni kwamba hata kama kusingekuwa na mti hata mmoja uliokatwa, msitu wote tulionao unatosha kwa shida kutimiza kiwango cha chini kabisa cha sheria. Hatuna akiba. Na msitu haukutandazwa sawasawa: pana mahali ni mnene na mpana, pana mahali ambapo ni uzi tu, na nyuma ya uzi huo yako matuta ya mboga. Nimeona mipira ya pampu ikishuka kwenye mteremko hadi majini. Nimeona vijana wakisuuza bomba la kupulizia dawa ukingoni, maji meupe yakitawanyika kati ya matete.

Siwalaumu vijana wale. Hakuna aliyewaonyesha mpaka uko wapi. Ukiwauliza mita 60 zinaishia mti gani, hawajui, na mimi pia sijui, kwa sababu hakuna bikoni. Mnataka mkulima aheshimu mstari ambao haujachorwa.

Kuhusu pampu, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayevuta maji kwa ajili ya kilimo cha biashara awe na kibali. Niliuliza nani ana kibali cha kuvuta maji Duluti na kwa kiasi gani. Sikupewa jibu. Kwa ziwa lisilo na mto wa kulijaza, orodha hiyo ingetakiwa iwe imebandikwa ukutani.

2. Mnamwambia mgeni nini?

Hili linaniuma kwa namna yake. Nimesikia kwa masikio yangu wageni wakiambiwa kuwa Duluti lina kina cha mita mia tatu, na wengine mita mia saba. Simlaumu kijana anayeongoza wageni. Anasimulia alichosimuliwa, na hakuna kibao cha maana cha kumsahihisha. Lakini angalieni madhara yake. Mtu anayeamini ziwa lina kina cha mita 700 anaamini pia kwamba ni bahari isiyoharibika, kwamba chupa moja au debe la dawa litapotelea huko chini. Ukweli, kwamba ni mita 9, ndio unaomfanya mtu arudishe chupa yake mfukoni.

Na kuna mengi ya kweli ya kusimulia! Jinsi Meru ilivyolipuka na kuacha mashimo haya kandokando yake. Kwa nini ziwa hili ni baridi na Momela ni magadi. Miti iliyomo msituni, ile mikuyu na miiza, na kazi yake ya kushika udongo. Na historia ya watu pia. Tengeru hii, kuanzia mwaka 1942, ilikuwa na kambi kubwa kuliko zote za wakimbizi wa Kipolandi barani Afrika, watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliofukuzwa makwao wakati wa vita, wakapelekwa Urusi, wakapitia Uajemi hadi kufika kwetu. Makaburi yao yapo hadi leo, jirani na ziwa, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, na watu wanatoka Ulaya kuja kuyazuru. Ni watoto wangapi wa Tengeru wanaoijua habari hiyo? Mgeni anazunguka ziwa, anapiga picha, anaondoka, na hakuna mahali panapomweleza kwamba alikuwa karibu na makaburi hayo.

Kibao chenye maandishi ya Kiswahili kwanza, kisha lugha nyingine, chenye ramani, kina cha ziwa na mambo yasiyoruhusiwa, si gharama ya kuitishia kikao cha bajeti.

3. Usalama majini

Kuta za kreta ni kali. Mahali pengi mtu akipiga hatua chache tu kutoka ukingoni anapoteza ardhi chini ya miguu. Watoto wa jirani wanaogelea. Wageni wanapanda mitumbwi. Naomba kila chombo kinachobeba abiria kikaguliwe, kila abiria avae jaketi okozi inayomtosha (watoto wanahitaji za kwao, za watu wazima zinawavuka kichwani), na awepo mtu aliyefunzwa uokoaji wakati wote ziwa linapopokea wageni. Nikiambiwa kwamba mbona hatujapata msiba, nitajibu kwamba msiba wa kwanza utakuwa wa mtoto wa mtu.

4. Takataka na vyoo

Tarehe 1 Juni 2019 nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na wengi walisema haitawezekana. Ikawezekana. Leo ukiingia sokoni Tengeru akina mama wana vikapu na mifuko mbadala. Sasa nenda kwenye njia ya kuzunguka ziwa baada ya sikukuu: chupa za maji, vifuniko, mabaki ya mkaa wa nyama choma chini ya miti, nepi. Hayo hayakuletwa na upepo. Yameletwa na watu waliolipa kiingilio na kuruhusiwa kupita bila kuambiwa neno.

Nashauri jambo jepesi ambalo mahali pengi linafanyika: kila chupa inayoingia ihesabiwe getini, na mtu aache amana kidogo anayorudishiwa akitoka na chupa zake. Na moto uwashwe mahali pamoja palipotengwa tu, pasipo na mizizi.

Vyoo ni suala la heshima ya binadamu. Ukiwa katikati ya njia, choo cha karibu ni kule ulikotoka. Mwanamume ataingia porini. Mama mjamzito, bibi mwenye sukari, binti wa sekondari aliye katika siku zake, hao wanafanyaje? Wengi wanaamua kutokuja, au wanakuja mara moja basi. Na wanaoingia porini wanaingia kwenye mteremko unaoelekea majini. Naomba vyoo vya shimo vilivyojengewa na kuzibwa vizuri, vinavyonyonywa, vijengwe upande wa juu nje ya mita 60, pamoja na maji ya kunawa.

5. Fedha ya kiingilio inakwenda wapi, na mtoto wa Tengeru ana nafasi gani

Wageni wanalipa. Wenye kupiga kambi wanalipa, wenye kupanda mitumbwi wanalipa. Simtuhumu mtu kula fedha, na naomba barua hii isisomwe hivyo. Ninachosema ni kwamba wananchi hatujawahi kuona karatasi inayosema: mwaka huu ziwa limeingiza kiasi hiki, kiasi hiki kimerudi kwenye njia, kiasi hiki kwenye ulinzi wa msitu, kiasi hiki kijijini. Bei zibandikwe getini zionekane na kila mtu, kila malipo yawe na kumbukumbu namba na risiti, na taarifa ya mwaka isomwe kwenye mkutano wa hadhara. Mwananchi anayeona ziwa limenunua madawati ya shule yake atamkamata mwenyewe mtu anayekata mti. Asiyeona chochote atageuza uso.

Na watoto. Kuna watoto wanaoishi wanakosikia furukombe kila asubuhi, na hawajawahi kuingia kwenye njia ya ziwa kwa sababu mzazi hana nauli ya ziada wala kiingilio. Wanajua simba wa Serengeti kutoka kwenye vitabu, hawajui mdiria wa Duluti. Naomba angalau siku moja kila mwezi, katika siku za shule, shule za msingi za kata zinazozunguka ziwa ziingie bure, zikiongozwa na mtaalamu.

Sasa, Waheshimiwa, majibu ninayoyategemea nayafahamu, maana nimeshapewa mengi yao ana kwa ana. Niyajibu hapa ili tusipoteze muda.

Mtasema hilo ni la ofisi nyingine. Hili ndilo nililoambiwa mara nyingi kuliko yote. Wa msitu anasema maji si yake. Wa maji anasema miti si yake. Wa ardhi anasema hifadhi si yake, na wa mazingira anasema yeye ni wa kutoa ushauri. Kila mmoja anasema kweli kwa mujibu wa muundo wake, na kwa sababu kila mmoja anasema kweli, hakuna anayefanya. Tone la dawa likishuka kutoka shambani kupitia msituni hadi ziwani, linapita kwenye ofisi zenu zote kwa nusu saa ya mvua bila kuulizwa kibali. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia wote kwa pamoja. Teueni mmoja wenu awe msemaji na mratibu, mtutajie cheo chake, tujue tukiona mtu anakata mti au anasuuza bomba tunampigia nani.

Mtasema hakuna bajeti. Yapo yanayohitaji fedha, na vyoo ni kimojawapo. Nitasubiri mwaka wa fedha ujao nikiona vimeingizwa kwenye mpango. Lakini kupima afya ya ziwa kunaanza na sahani ya duara yenye rangi nyeusi na nyeupe, iliyofungwa kwenye kamba yenye alama. Unaishusha majini, unasoma ni mita ngapi imeonekana kabla ya kupotea. Padri na mwanaastronomia wa Kiitaliano, Angelo Secchi, alibuni kipimo hicho mwaka 1865 na wanasayansi wanakitumia hadi leo. Fundi wa Tengeru anaweza kuitengeneza asubuhi moja, na wanafunzi wa sekondari wakaitumia kila mwezi na kuandika daftarini. Baada ya miaka michache tungekuwa na kumbukumbu ambayo hakuna ofisi inayoweza kuibishia.

Na kwa vipimo vinavyohitaji maabara, ni kata gani nyingine nchini iliyobarikiwa hivi? Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ipo hapahapa, na maji ni sehemu ya masomo yake. Kituo cha utafiti wa kilimo cha mboga na matunda kipo Tengeru. Chuo cha mifugo kipo. Taasisi ya Maendeleo ya Jamii ipo. Ziwa limezungukwa na wataalamu, wengine wanaliona kutoka madirishani mwao. Linalokosekana ni barua yenu moja ya kuwaita mezani.

Mtasema nataka kuwafukuza wakulima. Sitaki. Mimi ni wa hapa, nakula mboga za hapa, na najua ada ya shule inatoka kwenye yale matuta. Ninachotaka ni mpaka ujulikane, anayelima nje ya mpaka afundishwe umwagiliaji wa matone na matumizi sahihi ya dawa, apewe mahali pa kusuuzia vifaa vyake mbali na maji, na anayelima ndani ya mpaka aondolewe kwa notisi, kwa utaratibu, kwa kusaidiwa kupanda miti ya matunda kwenye kipande kinachofuata. Na sheria ianzie kwa wakubwa. Pampu ya mkulima mdogo isikamatwe kabla ya kuhojiwa mwenye shamba kubwa anayevuta maji mara nyingi zaidi.

Mtasema wananchi ndio waharibifu. Ni kweli wapo. Ibara ya 27 ya Katiba yetu inasema kila mtu ana wajibu wa kulinda maliasili ya Jamhuri ya Muungano, nami naandika barua hii kutimiza sehemu yangu. Lakini mwananchi hana mamlaka ya kuweka bikoni, wala ya kufuta kibali, wala ya kukagua mtumbwi. Hayo tumewapa ninyi.

Kuna jambo la wakati pia. Barabara ya njia nne kutoka Sakina sasa inafika Tengeru, na mtu wa mjini anafika kwetu haraka kuliko zamani. Mwaka 2027 nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, itakuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, na Arusha imejengewa matumaini makubwa. Wageni watakaokuwa na nusu siku kati ya mechi na mechi hawataweza kwenda Ngorongoro. Watatafuta mahali pa karibu, penye kivuli na maji. Watakuja Duluti. Ziwa dogo linaweza kupokea watu wengi kwa utaratibu, na linaweza kuharibiwa na watu haohao kwa msimu mmoja bila utaratibu. Naomba kabla ya kutangaza kivutio, tujue kinabeba wageni wangapi kwa siku, na idadi hiyo iheshimiwe getini.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ninachoomba ni hiki.

Kwanza, chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inawapa siku zisizozidi 30 kujibu, naomba orodha ya vibali vya kuvuta maji Duluti, ramani ya mpaka wa msitu wa hifadhi, na taarifa ya mapato na matumizi ya eneo la wageni kwa mwaka uliopita. Barua hii ichukuliwe kuwa ombi rasmi. Nakala yenye jina langu kamili na anwani nimeiwasilisha masjala.

Pili, bikoni za mita 60 ziwekwe kabla ya masika ijayo, maana mvua za Machi ndizo zinazoteremsha kila kitu kilichomwagwa shambani tangu vuli. Ukuta wa zege si lazima. Mawe yaliyopakwa chokaa na mstari wa miche ya asili, mikuyu na miiza, vinatosha kuanzia.

Tatu, mratibu mmoja atajwe. Hili halina gharama yoyote na mnaweza kulifanya wiki hii.

Nne, vibao vya taarifa za kweli, ukaguzi wa mitumbwi na utaratibu wa chupa getini vianze mara moja. Vyoo viingie kwenye bajeti ijayo, tuoneshwe fungu lake.

Tano, mje Tengeru mtujibu. Niko tayari kutembea nanyi njia nzima ya kuzunguka ziwa, kila mahali nilipopataja humu niwaonyeshe, na nikikosea mahali mnisahihishe palepale mbele ya watu. Ila naomba mkutano huo usipangwe Jumatano wala Jumamosi. Hizo ni siku za soko, na akina mama wanaouza mboga, ambao ndio wanaoguswa zaidi na yote niliyoyaandika, hawataweza kuja. Alhamisi asubuhi itatufaa, ukumbini au chini ya mti, mtakavyoona.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Tengeru

Nakala: Wenyeviti na watendaji wa vijiji vinavyozunguka ziwa, walimu wakuu wa shule za jirani, waongoza wageni na wenye mitumbwi wa Duluti.